Kazi za Utalii na Hoteli: Je, Twapima Nini?



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililoleta maneno mengi tangu matokeo yabandikwe ubaoni, nalo ni namna tunavyosahihisha kazi za mradi za wanafunzi wa Kidato cha Pili wanaosoma utangulizi wa utalii na huduma za hoteli. Mimi ndiye niliyezisahihisha kazi hizo. Basi kama kuna lawama, asitafutwe mtu mwingine. Na wale wazazi wawili waliokuja kuniona siku ya kufunga shule, nikawajibu kwa haraka kwa kuwa basi lilikuwa linaningoja, wataona humu jibu nililopaswa kuwapa siku ile.

Kwanza niwaeleze wasomaji ambao hawalijui somo lenyewe. Tangu Januari mwaka 2024, kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, baadhi ya shule za sekondari hapa Tanzania zimekuwa na mkondo wa amali kando ya mkondo wa elimu ya jumla. Mwanafunzi wa amali husoma masomo ya darasani kama wenzake, na pamoja nayo hujifunza kazi. Shule yetu iko kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Ngorongoro, na haipiti siku magari ya watalii yasipite mbele ya lango letu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni wa nchi za nje wapatao 1,500,000. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, hawakufika hata 700,000. Mwaka 2023 walizidi 1,800,000, na mwaka 2024 wakapita 2,000,000. Watu wote hao hula, hulala, hutandikiwa shuka, hupotelewa na mizigo, na huumwa na matumbo. Wapo wasemao ya kwamba mtoto hakupelekwa sekondari ili akajifunze kubeba sinia. Hao sitawajibu leo. Mwenye kusema hivyo na aende akalale usiku mmoja katika gesti ambayo aliyetandika kitanda hakufundishwa na mtu.

Kazi ya muhula uliopita ilikuwa hii: kila mwanafunzi aandike kitabu kidogo, kisichopungua kurasa 10, akieleza jinsi mgeni anavyohudumiwa tangu anapofika mlangoni hata anapoondoka. Alama zote zilikuwa 100. Nilizigawa hivi: 30 za mpangilio na usafi wa maandishi, 30 za maarifa, 20 za picha na michoro, na 20 za lugha. Mgawanyo huo niliuandika ubaoni mapema, kila mtu akaunakili, nami nikajiona nimetenda haki kabisa. Labda msomaji mwenye macho makali amekwisha kuona kilichokosekana. Mimi sikukiona mpaka siku ya wageni.

Nitawataja wanafunzi wawili bila ya majina yao. Wa kwanza ni mvulana. Alileta kitabu cha kurasa 21, kimepigwa chapa, kina jalada gumu na picha za rangi za hoteli kubwa za Uswisi na Dubai. Nilimpa 83. Wa pili ni msichana. Alileta kurasa 6 alizoziandika kwa mkono katika daftari la mistari, na pembe moja ya daftari ilikuwa imelowa mafuta. Hakuandika habari za Uswisi. Aliandika habari za shangazi yake, ambaye ni mama lishe karibu na stendi, na ambaye ana vyumba vinne vya kulaza wasafiri nyuma ya mahali pake pa kupikia. Kiingereza chake kilikuwa cha kukokota. Kurasa hazikutimia. Picha hazikuwapo, isipokuwa mchoro mmoja wa jinsi ya kupanga vyombo vya kuoshea, ambao kwa kweli nilidhani ni mchoro wa jiko. Nilimpa 41.

Sasa niieleze siku yenyewe. Tulitazamia wageni 62, wajumbe wa bodi na wazazi, na wanafunzi wa utalii ndio waliopangwa kuwahudumia. Haikuwa kazi ya kutolewa alama. Ilikuwa ni kusaidia shule tu. Jikoni kwetu masufuria makubwa ni mawili, na asubuhi yote mawili hutumika kwa uji wa wanafunzi. Kwa hiyo wapishi, bila ya nia mbaya hata kidogo, walipika pilau ya wageni tangu usiku, wakaifunika, wakaiacha humo humo ndani ya sufuria. Alfajiri waliihamishia katika beseni kubwa wakaifunika kwa mfuniko wa bati, wapate sufuria za kupikia uji. Saa nne asubuhi msichana wetu aliingia jikoni kuhesabu sahani, akafunua beseni, akaingiza kidole pembeni.

“Shikamoo mama. Pilau hii ilipikwa lini?”

“Marahaba mwanangu. Jana saa nne usiku. Tutaipasha moto, itakuwa kama imetoka jikoni sasa hivi.”

“Samahani sana mama, hii siwezi kuwapelekea wageni.”

Mpishi alikasirika, na nani asingekasirika? Mtoto wa Kidato cha Pili kumfundisha mtu mzima kazi ya miaka yake yote! Nililetewa kesi hiyo nikiwa napanga viti. Nakiri ya kuwa neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa ni kumwambia yule binti ashike sinia na kwenda. Lakini nilimwita kwanza yule mvulana wa alama 83, maana katika kitabu chake alikuwa na kurasa mbili nzima juu ya usalama wa chakula. Alinijibu bila ya kusita: “Ikichemka vizuri, Mwalimu, vijidudu vyote vitakufa.”

Kumbe hilo ni nusu ya ukweli, na nusu nyingine ndiyo iumizayo watu. Mwalimu wa Baiolojia, aliyekuwa karibu, alitueleza hapo hapo tukiwa tumesimama. Katika mchele huwamo vijidudu vyenye mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole ndani ya chombo kirefu, usiku kucha, mbegu zile huota na kuzaana, na vijidudu vyake huweza kutoa sumu. Ukiupasha moto wawezekana kuviua vijidudu, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki, kwa maana moto wa jikoni hauiharibu. Shirika la Afya Duniani, katika mafundisho yake matano ya chakula salama yaliyotolewa mwaka 2001, lasema chakula kilichopikwa kisiachwe katika hewa ya kawaida zaidi ya saa mbili. Kama ni cha moto kikae juu ya nyuzi 60, na kama ni cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5. Pilau yetu ilikuwa imekaa saa kumi na mbili.

Ilimwagwa. Niliona uchungu, na Mkuu wa Shule aliona uchungu zaidi, maana ile nyama ilinunuliwa kwa fedha iliyochangwa. Ukapikwa wali mweupe, ukaliwa kwa maharage yaliyokuwa ya wanafunzi na mchicha wa shambani kwetu. Wageni waliotazamia kula saa sita na nusu walikula saa nane kasoro robo. Katika muda ule wote wa kungoja, yule msichana alipita meza kwa meza na chai na karanga za kukaanga, akawaambia wageni wazi wazi kwamba chakula kimechelewa, na kwamba tunawaomba radhi, na kwamba kitakuwa tayari baada ya muda fulani. Hakusema “sasa hivi”. Alitaja saa. Palikuwa na mzee mmoja mwenye ugonjwa wa sukari aliyetaka chai isiyotiwa sukari. Akakuta birika ya namna hiyo imekwisha kuwekwa kando kabla hajaiomba. Mvulana wetu alisimama mlangoni amevaa tai, akawaambia wageni “karibuni” kwa lugha tatu. Nalo ni jambo jema, sikatai.

Hakuna mgeni aliyeugua. Na hapo ndipo penye shida ya kazi hii, kwani mgeni ambaye hakuugua hawezi kujua ni kitu gani alichoepushwa nacho, wala haandiki barua ya shukrani. Waliokumbuka siku ile walikumbuka kuchelewa. Hata leo wapo wajumbe wanaosema shule ilishindwa kupika.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikalifungua tena daftari lenye mafuta. Ukurasa wa nne, nusu ya chini, kwa Kiingereza kile cha kukokota, alikuwa ameandika ya kwamba shangazi yake hauzi wali uliolala. Kwamba wali ukibaki humwagwa juu ya sinia pana upoe upesi, tena haukai mpaka kesho. Na kwamba siku moja msafiri alitapika njiani, tangu siku hiyo shangazi hafanyi mchezo. Kando ya maneno hayo nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu, kwa mkono wangu mwenyewe: “Haya ni mambo ya mama lishe. Tunataka hoteli.”

Wasomaji wapenzi, sikulala mapema.

Siku chache baadaye nilifanya jaribio dogo. Nililifunika jina la mwanafunzi, nikawapa walimu wenzangu wawili daftari lile, kila mmoja kwa wakati wake, wasahihishe kwa kuufuata mgawanyo wangu ule ule. Mmoja alitoa 58. Wa pili alitoa 66. Basi kazi moja, mgawanyo mmoja wa alama, na majibu matatu: 41, 58 na 66. Mmoja wetu amemfelisha mtoto, na mwingine karibu amemsifu. Baadaye niliona ya kwamba hatukuwa watu wa kwanza kupatwa na jambo hili. Mwaka 1912 mabwana Daniel Starch na Edward Elliott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walipeleka karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza katika shule nyingi, kila moja isahihishwe na walimu 142, na tofauti baina ya alama ya chini kabisa na ya juu kabisa ilizidi 30. Watu wakasema, Kiingereza ni lugha, kila mtu ana ladha yake. Mwaka uliofuata wakapeleka karatasi ya jiometri, hesabu tupu, na tofauti ikazidi 60! Ikiwa pembe tatu zaweza kuwagombanisha walimu namna hiyo, itakuwaje kwa tabasamu la mhudumu au ladha ya mchuzi?

Kwa hiyo yako makosa mawili, nayo yasichanganywe. La kwanza ni kwamba alama yangu haikuwa imara. Mtu mwingine angetoa nyingine. Hilo laweza kutengenezwa kwa walimu wawili kusahihisha pamoja na kulinganisha. La pili ni kubwa zaidi. Hata kama walimu mia moja wangekubaliana kutoa 41, bado tungekuwa tumepima kitu kisichokuwa kazi ya utalii. Tulipima uzuri wa kitabu. Mgawanyo wangu ulikuwa na alama 20 za picha, wala haukuwa na alama hata moja ya kumhudumia mgeni.

Waliotangulia katika kazi hii hawakufanya hivyo. Chuo cha hoteli cha Lausanne, huko Uswisi, kilichoanzishwa mwaka 1893 na Jacques Tschumi, ndicho chuo cha hoteli cha kwanza duniani, na kilianzishwa na watu wa hoteli wenyewe kwa sababu walikuwa na wageni wengi na wafanyakazi wachache waliojua kazi. Hapa kwetu Afrika Mashariki, chuo cha utalii cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi hiyo hiyo, na kikajengewa hoteli yake pale pale, wageni wa kweli walale na wanafunzi wajifunzie kazi kwao. Sisi hatuna hoteli. Lakini tuna bwalo la chakula, tuna chumba cha wageni chenye vitanda viwili, tuna ofisi inayopokea watu kila siku, na tuna jiko. Hayo yatosha kuanzia.

Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya alama za kazi ya mradi itokane na kazi inayofanywa mbele ya macho ya mwalimu, kwa kufuata karatasi ya vipengele ambayo mwanafunzi amepewa tangu siku ya kwanza ya muhula. Chukua kutandika kitanda. Mwalimu asiandike “vizuri” au “wastani”. Aandike: je, ameondoa shuka chafu bila ya kuzitupa sakafuni? Je, amenawa mikono kabla ya kushika safi? Godoro limetazamwa kama lina kunguni au limelowa? Mshono wa shuka umeelekea chini? Pembe nne zimekunjwa zikakaza? Mdomo wa foronya umeupa mgongo mlango? Kila swali lajibiwa ndiyo au bado. Nasema “bado”, sisemi “hapana”, kwa sababu aliyekosa pembe moja leo aweza kurudi Ijumaa akaikunja, na mgeni wa mwezi ujao hatajali kwamba mtandikaji wake alijifunza wiki moja baada ya wenzake. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Glaser, aliandika mwaka 1963 juu ya tofauti baina ya kumpima mwanafunzi kwa kumlinganisha na wenzake na kumpima kwa kazi yenyewe anayotakiwa kuiweza. Katika kitanda, nadhani kila mtu aona ni ipi itufaayo. Mgeni hataki kitanda kilichotandikwa na mtu wa tatu darasani. Ataka kitanda kilichotandikwa.

Nilipowaeleza walimu wenzangu rai hii katika chumba cha walimu, walinipinga, na baadhi ya mapingamizi yao ni ya haki.

Mmoja alisema darasa lina wanafunzi 54, na mwalimu ni mmoja. Atawatazama lini wote wakitandika na kuandaa meza? Ni kweli. Jibu langu ni kwamba si lazima kazi zote zitazamwe siku moja. Wanafunzi wanne kwa zamu kila siku ya shule, katika chumba cha wageni au bwaloni, kazi ya dakika kumi kumi tu, darasa zima litamalizika kwa wiki tatu. Tena ni kazi nyepesi kuliko kusoma vitabu 54 vya kurasa 10, na nasema hivyo kama mtu aliyevisoma kwa taa ya simu umeme ulipokatika.

Mwingine alisema neno lililonigusa zaidi. Alisema karatasi haina upendeleo wa uso. Ukimpima mtoto kwa macho, utampima pia kwa jina la baba yake, kwa sare yake ilivyopauka, na kwa jinsi anavyokuamkia asubuhi. Na akikata rufaa, hana ushahidi, kwani kitanda kimekwisha kutandikuliwa. Nimelifikiri neno hili mara nyingi, wala sioni jibu lililo kamili. Naona tu ya kwamba watazamaji wawe wawili, kila mmoja ajaze karatasi yake kabla ya kuzungumza na mwenzake, karatasi zote mbili zihifadhiwe, na mwanafunzi aonyeshwe na kutia sahihi siku ile ile. Mtoto akiona ameandikiwa “bado” mahali alipofanya, aweza kusema hapo hapo, “Mwalimu, naomba nirudie uone.” Katika karatasi yenye wino mwekundu hakuweza kusema hivyo. Aliipokea tu akaenda.

Liko jambo jingine ambalo walimu hawakulitaja, nami nalitaja. Tukianza kutoa alama kwa kuhudumu, upo mlango wa kuwageuza wanafunzi kuwa watumishi wa bure. Leo ni chai ya bodi, kesho ni chai ya walimu, keshokutwa ni kufua mapazia ya mwalimu fulani nyumbani kwake, na yote yaitwe mazoezi ya vitendo. Nimekwisha kuona dalili zake. Tena wasichana wapelekwe jikoni na wavulana wawekwe mapokezi na kwenye kitabu cha fedha, kana kwamba mgeni huuliza kama pilau yake ilipikwa na mwanamke. Kazi isiyokuwamo katika karatasi ya vipengele isihesabiwe kuwa ni somo, na zamu zizunguke kwa wote: kila mvulana apite jikoni, kila msichana apokee wageni na kushika hesabu.

Nisije nikaeleweka vibaya kana kwamba nadharau kuandika. Mtu wa hoteli huandika kutwa: kitabu cha wageni, bili, barua za kukubali nafasi, taarifa ya bomba lililopasuka. Lakini hayo ndiyo tuyapime, si jalada gumu. Na kwa vitabu vya kurasa 21 siku hizi mwalimu awe macho, kwani simu iliyo na programu ya akili mnemba yaweza kukiandika kitabu kama hicho kabla maji ya chai hayajachemka. Sisemi kwamba mvulana wetu alifanya hivyo. Nasema tu kwamba nilipomuuliza maana ya maneno matatu yaliyokuwa katika ukurasa wake wa tano, aliyajua mawili yake kwa shida na la tatu hakulijua. Dakika tano za kumuuliza mtu kwa mdomo juu ya kitabu chake mwenyewe zafaa kuliko saa nzima ya kukisahihisha.

Na mvulana huyo naye sikumtendea haki, ijapokuwa nilimpa 83. Wiki ileile nilimpa swali la mdomo, nikamwambia: gesti ina vyumba 24, na usiku mmoja vimelaliwa 18 kwa shilingi 35,000 kila kimoja. Mwenye nyumba ataka kushusha bei iwe 30,000 ili apate wageni 21. Je, ni shauri jema? Hakushika kalamu. Alisema sasa hivi vyumba vimejaa kwa robo tatu na fedha ni 630,000. Kwa bei mpya fedha zitakuwa 630,000 vile vile, lakini kutakuwa na shuka za vyumba vitatu zaidi za kufua, sabuni, maji, na chai ya asubuhi ya watu watatu. Basi ni hasara. Ndiyo kazi anayoiweza mtoto yule! Kitabu chake cha picha za Dubai hakikunionyesha jambo hilo hata kidogo. Nilimpa 83 kwa kitu asichokiweza sana, na kile anachokiweza sikukipima.

Juu ya Kiingereza nitasema kwa ufupi. Mgeni atokaye Ujerumani au Marekani lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, na mwanafunzi wetu ajifunze kwa bidii. Lakini shangazi wa stendi naye ana wageni kila usiku: madereva, wachuuzi wa vitunguu kutoka Mang’ola, wauguzi waliohamishwa, wazazi wanaopeleka watoto shule. Nao ni wageni, wanalipa, na matumbo yao huuma vile vile. Niliandika kana kwamba hoteli ni mahali penye bwawa la kuogelea tu. Muhula ujao kila mwanafunzi ataruhusiwa kuandika juu ya mahali anapopajua, hata pawe na vyumba vinne.

Kuhusu alama 41, nimemwandikia Mkuu wa Shule nikaomba kazi zote za darasa lile zisahihishwe upya na walimu wawili, na kila mwanafunzi apewe nafasi ya kufanya kazi moja ya vitendo kabla ya alama kuandikwa katika kumbukumbu zake. Ameniambia jambo hilo litazungumzwa katika kikao cha taaluma wiki ya pili ya muhula. Mpaka hapo alama ni ile ile. Msichana mwenyewe nimemwita, nikamrudishia daftari lake, nikafuta maneno yangu mekundu ya ukurasa wa nne kwa mstari mmoja na kuweka sahihi yangu kando. Aliyasoma, akasema, “Asante, Mwalimu,” kisha akauliza kama sufuria ya tatu itanunuliwa.

Karatasi ya vipengele vya kazi ya muhula ujao nitaibandika ubaoni karibu na ofisi ya taaluma siku ya kufungua shule. Ina vipengele 34, na hakuna kinachotaja picha. Mwanafunzi au mzazi aonaye kimoja kimesahauliwa, au kimoja si cha haki, na aandike chini yake kwa kalamu kabla ya Ijumaa ya kwanza.

Ni mimi,
Mwalimu wa somo